Franco kwenye kibanda cha baba

Jumamosi, usiku.

Leo kinyozi wangu amenitafsiria "Mario", wimbo wa Franco, mwanamuziki wa Kongo. Kinyozi ni mtu wa Bukavu, hukohuko Kongo, Kilingala anakijua vizuri, na wimbo ulipoanza redioni alizima mashine kichwa changu kikiwa nusu. "Kaka, hebu sikiliza kwanza." Nikakaa na shuka shingoni, nikausikia kwa mara ya kwanza wimbo ambao nimeusikia maisha yangu yote.

Baba alikuwa fundi cherehani, Mwanza. Kibandani kwake palikuwa na redio kaseti moja na kanda chache za Franco na bendi yake, TP OK Jazz. Ya "Mario" utepe wake uliwahi kukatika, akauunga kwa rangi ya kucha ya mama, na pale kwenye kiungo sauti ilizama kidogo kisha ikaibuka. Mpaka leo nikiusikia wimbo huo mzima, nasubiri pale mahali. Baba hakujua Kilingala, na wateja wake vilevile. Lakini sebene, ile sehemu ya mwisho ambapo magitaa yanatawala, ikichanganya, mguu wake uliendesha cherehani kwa mwendo wa gitaa, na mama aliyekuja kupunguziwa gauni alisahau kwamba ana haraka.

Nimekaa nikiwaza ilikuwaje mtu huyu akatupata kiasi hicho. Franco Luambo Makiadi alizaliwa Sona Bata mwaka 1938, akakulia Kinshasa enzi hizo ikiitwa Léopoldville, mama yake akiuza maandazi sokoni. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe kwa kopo. Mwaka 1956, kabla hajafikisha miaka 18, yeye na wenzake walianzisha OK Jazz, na hiyo OK ilitokana na baa waliyokuwa wakipigia, ya bwana Oscar Kashama. Alidumu na bendi hiyo miaka 33. Alipiga New York, alipiga London. Hayo ni makubwa, lakini mimi hayanigusi kama kile kibanda cha Mwanza, ambako hakuna aliyelipia tiketi wala aliyeelewa maneno.

Maana hakutubembeleza. Alitupa habari za Kinshasa, kwa lugha ya Kinshasa, katika nyimbo za dakika kumi na kitu, bila kuharakisha. Kinyozi alipokuwa akinieleza, ndipo nilipoelewa kwamba "Mario", wa mwaka 1985, ni malalamiko ya mwanamke mwenye pesa zake. Anaishi na kijana mdogo kwake kiumri, kijana msomi asiyetaka kazi, anamlisha na kumvisha, na bado kijana huyo ana wivu na anampiga. Mama wa watu amechoka. Franco anazungumza kwa kinywa cha huyo mwanamke, na Madilu System, mwimbaji wa bendi yake, anaimba kwa ile sauti inayokuingia hadi mifupani. "Ni kama unasikia ugomvi wa jirani ukutani," kinyozi akasema. Kweli kabisa. Sisi tulikuwa upande wa pili wa ukuta, tukisikia sauti tu, na sauti ikatutosha.

Na tazama ilivyotuingia: hapa Tanzania mwanaume anayelelewa na mwanamke tunamwita marioo. Watoto waliozaliwa juzi wanalitumia neno hilo bila kujua kuna gitaa nyuma yake. Sijui heshima gani tunaweza kumpa mwanamuziki wa nchi nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo.

Alifariki Namur, Ubelgiji, tarehe 12 Oktoba 1989, akiwa na miaka 51. Nilikuwa darasa la tatu. Nakumbuka baba alivyoisikia habari redioni: aliinua mguu kwenye cherehani, akakaa mikono ikiwa juu ya kitambaa. Siku ile hakuweka kanda. Nilimuuliza kama alikuwa ndugu yetu. Akaniambia nikachote maji.

Jioni hii nimempigia simu. Ana miaka sabini na saba, masikio yameanza kumsumbua. Nilipomsalimia tu nikaanza kumsimulia yote: yule mwanamke, yule kijana, kipigo. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. "Masikini," akasema. "Na sisi tuliupiga kwenye harusi ya shangazi yako." Kisha akauliza kama ninao hapo nyumbani. Nikauweka, nikaisogeza simu karibu na spika. Mwanzoni alikuwa kimya. Maneno yalipokaribia kwisha nikasikia ameanza kuimba gitaa kwa mdomo, polepole, mbele ya Franco kidogo, na sebene ilipoingia ilimkuta ameshafika.