Dumu la MAJI SAFI

Wiki ile nzima nilikuwa napika dhahabu. Njia ni ya mkemia Turkevich, ya tangu 1951: unachemsha kloridi ya dhahabu iliyozimuliwa, unamimina sitreti (chumvi ya asidi ya limau), umanjano unapotea, maji yanapita kwenye weusi-weusi, kisha chupa nzima inakuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Hapo una chembe za nanomita 15 hivi. Nilizitandika juu ya kioo kinachopitisha umeme, tabaka juu ya tabaka, mpaka nikapata utando wa zambarau. (Ukidondosha tu ukaacha ikauke, chembe zinakimbilia ukingoni, unabaki na duara kama la kikombe cha kahawa mezani.)

Siku ya kupima nilizimua asidi ya salfuriki kwa maji ya dumu lililokuwa pembeni ya sinki. Lilikuwa limeandikwa kwa maka peni: MAJI SAFI. Nikazamisha kioo, nikaanza kupandisha volti na kuzishusha. Ukipita volti 1.2 hivi, dhahabu inajivika oksidi, ngozi nyembamba yenye oksijeni. Ukirudi, karibu na 0.9, inaivua, na kwenye mchoro wa mkondo wa umeme linatokea bonde. Bonde hilo ndilo linalokuambia utando wako una eneo gani hasa: chaji ya mikrokulombi 390 kwa kila sentimita ya mraba.

Mzunguko wa kwanza, bonde zuri. Wa pili, limepungua. Nikadhani klipu imelegea, nikaibana. Kufika wa kumi, mchoro umelala kama bahari ya maleleji. Nikatoa kioo. Kilikuwa wazi kama cha dirisha, isipokuwa ufito mwembamba wa zambarau kule juu ambako asidi haikufika.

Mzee wa maabara hakuuliza kitu. Alichota maji ya dumu kwenye testi tyubu, akadondosha nitreti ya fedha, inayofichua kloridi ya chumvi. Yakageuka tui.

"Safi ya kudekia hiyo, mwanangu."

Ya kisima. Na visima vyetu vya Dar, vingi, anayeoga anajua ladha yake. Chumvi peke yake haiigusi dhahabu, lakini ukiipandishia volti huku kuna kloridi, inayeyuka, na utando mwembamba vile hauna akiba. Aliyejaza dumu sikumlaumu. Kwa anayepiga deki, maji yasiyo na tope ni safi. Mimi ndiye niliyesoma neno moja nikaelewa yaliyokenekwa, yale ya mvuke uliopozwa, yasiyo na chumvi.

Msimamizi wangu nilimwambia kioo kimevunjika.