Yazoo: miezi 14 ya Vince Clarke na Alison Moyet

Jumapili, usiku

Albamu mbili za Yazoo, kikundi cha Uingereza cha mwimbaji Moyet na mtunzi na mpigaji wa mashine Clarke, zimekuwa zikipigwa hapa tangu mchana, na kila zinapoisha linabaki swali lilelile: kazi ya namna hii iliwezaje kufanyika kwa muda mfupi hivyo? "Only You" ilitoka Machi 1982 ikapanda hadi nafasi ya 2 kwenye chati ya Uingereza. Mei 1983 walikuwa wameshaachana. Albamu ya pili, "You and Me Both", ilipofika namba 1 mwezi Julai, hapakuwa tena na kikundi.

Wote wawili ni watu wa Basildon, mji wa Essex, mashariki ya London. Clarke alikuwa ametoka kikundi cha Depeche Mode mwishoni mwa 1981, baada ya albamu moja tu. Moyet, mwenye sauti nene ya blues, alikuwa ameweka tangazo kwenye gazeti la Melody Maker akitafuta wapigaji wa muziki huo. Aliyejitokeza ni Clarke, naye alichohitaji ni mtu wa kumwimbia wimbo mmoja wa majaribio. Hakuna aliyekuwa akitafuta mwenzi wa kuanzisha naye kikundi, na jambo hilo lisisahaulike tunapofika mwisho.

Walirekodi Blackwing, studio iliyokuwa ndani ya jengo la kanisa la zamani kusini mwa mto Thames. Mwenye studio na fundi wake ni Eric Radcliffe, yule "Eric" wa "Upstairs at Eric's", albamu ya kwanza.

Sasa vyombo, maana humo ndimo siri ilimo. Pro-One, sinthesaiza ya Clarke (kinanda kinachounda sauti kwa umeme), hutoa noti moja tu kwa wakati. Ukitaka noti tatu zilie pamoja, unarekodi mara tatu, kila noti kwenye njia yake ya utepe. Na kwa kuwa mitambo yake ya kuzalisha mawimbi huyumba kadiri inavyopata joto, ukiianza ikiwa baridi, noti ya tatu haitakubaliana na ya kwanza. Iwashe nusu saa kabla, ndipo utyuni, kisha tyuni tena kabla ya kila njia. Kwa besi fupi yenye mng'ato, weka mawimbi mawili yenye umbo la msumeno, moja litofautiane kimo kidogo na jingine, funga kichujio (sehemu inayopunguza ukali wa sauti) karibu chote, halafu kiache kifunguke na kujifunga haraka kwa kila noti. Mkosaji wa kawaida huachia sauti iendelee baada ya mpigo. Besi ikishakuwa ndefu hivyo, ngoma inamezwa.

Aliyezipiga noti hizo hakuwa mkono wa mtu. Clarke aliziandika kwenye MC-4 ya Roland, kisanduku chenye vitufe vya namba kama kikokotoo, chenye njia 4. Kila noti inahitaji tarakimu tatu: kimo chake, muda hadi noti ifuatayo, na muda wa kulia. Ukigawa pigo moja sehemu 120, noti ya robo pigo ni 30. Muda wa kulia ukiwa 15, noti inakatika katikati na muziki unarukaruka. Ukiwa 30 kamili, noti zinashikana, na kichujio hakipati nafasi ya kuanza upya. Ukikosea mara moja ukaandika 29, mzunguko wa mapigo manne unakuwa na sehemu 479 badala ya 480. Mwanzoni sikio halisemi kitu. Urudie mara 30, besi imeshaitangulia ngoma kwa robo pigo nzima, na inabidi upekue orodha ya tarakimu moja baada ya nyingine ukiitafuta ile iliyopotoka.

Kazi ikiwa nzito hivyo, huongezi noti isiyo na sababu. Ndiyo maana "Don't Go" ina vitu vichache vinavyosikika waziwazi, na katikati pamebaki uwazi mkubwa. Moyet anaingia hapo na kuvuta maneno, anachelewa kidogo, anapumua ukasikia. Mashine hazimfuati, zinabaki mstarini, na kuchelewa kwake kunauma zaidi kwa sababu nyuma yake hakuna kinachochelewa. Kwangu hiyo ndiyo Yazoo yote. Sikiliza pia kicheko chake kwenye "Situation". Wimbo ule uliwekwa upande wa pili wa "Only You", lakini Marekani ndio uliotawala kumbi za dansi. (Huko walilazimika kujiita Yaz, kwa kuwa jina Yazoo lilikuwa tayari la kampuni ya santuri za blues.)

"Situation" ni kati ya nyimbo chache mno walizotunga pamoja. Kwa kawaida kila mmoja alileta zake: "Only You" ni ya Clarke, "Midnight" na "Winter Kills" za Moyet. Njia ileile iliyowapa sauti ndiyo iliyowatenga: mmoja anakaa na tarakimu, mwingine anakuja na maikrofoni, na urafiki haukupata muda wa kuota. Kufikia albamu ya pili walikuwa wakiingia studio kwa nyakati tofauti. "Happy People" Moyet aliikataa, Clarke akaiimba mwenyewe. Unasikia mara moja jinsi mashine zake zinavyopwaya zikikosa sauti ya kupingana nazo. Upande mwingine kuna "Nobody's Diary", utunzi wa Moyet mtupu, nafasi ya 3, wimbo wao bora kwa hukumu yangu.

Moyet akatoa albamu yake "Alf" mwaka 1984, Clarke akaanzisha kikundi cha Erasure na mwimbaji Andy Bell mwaka 1985. Nyimbo za "You and Me Both" zilisubiri hadi ziara ya 2008 ndipo wawili hao wakasimama jukwaani kuzipiga pamoja.