Genge Tuliloliacha Kondoa

Kutafuta jabali la kukwea huku nyanda za kati ni kazi ya macho kwanza, mikono baadaye. Mimi na mwenzangu tulianzia kwenye picha za setilaiti, tukisaka vivuli. Picha ikiwa ya asubuhi, ukaona kivuli cheusi chenye ukingo ulionyooka upande wa magharibi wa kilima, ujue hapo pana ukuta. Tukilinganisha na ramani ya 1:50,000 na kukuta mistari ya mwinuko imebanana, tunatia alama. Alama moja iliangukia milima ya Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa.

Kijijini tulipiga hodi kwa mtendaji, tukaandika majina, tukapewa mzee wa kutuongoza. Baada ya shikamoo alitukagua mabegi kwa macho.

"Mnapima madini?"

"Hapana, Mzee. Tunapanda mawe." Mwenzangu akakunjua kamba na mikanda ya kiunoni, akamwonyesha karabina, zile pete za kuunganishia kamba, zinavyofunga.

"Mnapanda, halafu mnashuka?"

"Ndiyo, Mzee."

"Haya, twendeni."

Kwenye picha tulidhani ni mwendo mfupi tu. Tulitembea hadi jua likawa utosini. Kwanza makorongo, yale makovu ya mmomonyoko uliofanya serikali ianzishe mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) mwaka 1973. Kisha kichaka. Mzee alituonyesha miti iliyojiotea tangu mifugo ilipoondolewa mwaka 1979; ardhi ilipona, na ndiyo maana njia zimefunikwa. Nilichanwa na miiba mikono yote miwili na sikuona ubaya. Kilima chenye miti ni neema.

Ukuta ulipotokea nilinyamaza. Niligonga mwamba kwa ngumi, maana ganda lililobanduka hulia kama debe tupu. Huu ulijibu kwa uzito. Ufa mmoja ulipanda toka chini mpaka juu, upana wa kiganja, ule ambao mkweaji huuota. Mwenzangu alikwisha kuanza kuvaa viatu.

Mzee alikuwa amesimama pembeni, chini ya paa la jiwe, akitungoja tutazame. Palikuwa na watu wembamba, warefu, wa rangi nyekundu iliyofifia, vichwa vyao vikubwa kuliko mabega, na mgongo wa mnyama ambaye miguu yake imekwisha kuliwa na maji ya mvua.

Mwenzangu alisema ufa uko mbali kidogo na michoro. Nilikataa. Chaki tunayopaka mikononi isiteleze hupeperuka, kamba husugua, na tukishatoboa njia ya kupita, wengine watakuja nyuma yetu. Michoro ya Kondoa iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini kwangu uzito mkubwa zaidi ni kwamba wenyeji bado wanafanya tambiko za mvua kwenye baadhi ya mapango hayo. Ukuta kama ule una wenyewe. Alivua viatu bila kunung'unika, namshukuru mpaka leo.

Mzee akatuvusha korongo hadi jabali jingine, fupi zaidi, lisilo na kitu ila mavi ya pimbi na michirizi myeupe ya mikojo yao. Tulilichunguza pande zote, tukafunga kamba kwenye jiwe kubwa la juu, tukakwea mpaka jioni. Njia ya jabali hilo nimewaelekeza wengi. Ile ya genge la kwanza nilimwelekeza ofisa wa mambo ya kale pale Kolo, aliyetaka kujua kama michoro yake ilikwisha kuorodheshwa.