Mpira Namba Saba

Jana jioni mtoto wa jirani kagonga geti. "Anti, shikamoo. Mama kasema mna sindano ya mpira." Nikamtolea sindano na pampu, nikamwambia ailoweshe ncha kwanza, hata kwa mate, maana sindano kavu huchana valvu, na valvu ikishachanika utajaza leo, kesho asubuhi mpira umelala. Akaubana mpira wake wa kikapu katikati ya magoti, akaanza kupampu. Nikachungulia namba ya ukubwa pale karibu na tundu: 7.

"Huu si wako," nikamwambia. "Wasichana wanachezea sita."

"Ndio uliopo, Anti."

Maneno hayohayo niliyasikia mwaka 2013 kwenye meza ya waamuzi, mechi ya wanawake ya vyuo viwili ambavyo sivitaji kwa sababu wenyewe bado tunakutana harusini. Uwanja nao siutaji. Ni ule wa saruji wenye mwembe nyuma ya benchi la wageni. Waliocheza pale wanaujua, msimu wa maembe ulikuwa na kazi yake.

JMK Park, vile viwanja vya michezo vya Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, ilikuwa bado haijafunguliwa, kwa hiyo mechi nyingi za vyuo zilichezwa kwenye saruji za namna ile, juu ya mistari ya zamani. Ukitazama chini uliona enzi mbili za kanuni kwa pamoja. Mwaka 2010 mstari wa pointi tatu ulisogezwa kutoka mita 6.25 hadi 6.75, na lile eneo la chini ya goli lililotanuka kama sketi likawa mstatili. Wao walipaka mistari mipya, ya zamani hawakuifuta. Mchezaji anakanyaga upinde usio wake, anatupa, anashangilia tatu, refa anaonyesha mbili. Ugomvi.

Halafu kiwanja chenyewe kililala mashariki-magharibi. Kiwanja cha nje hulazwa kaskazini-kusini ili jua la jioni liwe ubavuni mwa wachezaji wote. Hiki, kuanzia saa kumi na moja, aliyesimama kutupa goli la magharibi alikuwa anatupia ndani ya jua.

Mechi ilipangwa saa tisa. Saa tisa wanaume ndio kwanza walikuwa robo ya tatu, na wanaume wakiongezewa muda hakuna anayewaambia watoke. Wanawake wakapasha chini ya mwembe kwa mipira miwili ya sita iliyochakaa, kipara kabisa, haina hata chembe ya ule ukwaru wa kushikia. Saa kumi na moja kasoro robo ndipo refa alipochukua mpira uliokuwa mezani, ulioachwa na wanaume, ukiwa bado wa moto, akaurusha juu katikati. Wekundu dhidi ya bluu.

Niseme ukweli, robo ya kwanza ilikuwa mbaya. Dakika kumi, 6 kwa 5. Pointi gadi wa bluu, yule wa kupandisha mpira na kupanga mashambulizi, msichana mfupi mwenye jezi namba 9, aliudunda mpira kwenye mguu wake mwenyewe mara mbili, mtu aliyekuwa hajawahi kupoteza mpira hivyo. Pasi za mkono mmoja zilikuwa zinafika miguuni mwa watu. Mezani kijana wa kuhesabu zile sekunde 24 ambazo timu inapewa kushambulia alikuwa anatumia simu, anapiga kelele "Kumi!" zikibaki kumi, na zamu nyingi zilikwisha kwa kelele yake bila mpira kugusa ringi.

Pembeni yangu alikaa mzee mmoja mwenye baraghashia, mfuko wa karanga mkononi. "Binti," akaniambia, "hawa hawana nguvu. Kikapu ni cha kina Hasheem."

Nilitaka kumwambia kwamba hicho chuo cha Hasheem Thabeet, Connecticut, kule kwao kinajulikana zaidi kwa timu ya wanawake. Mwaka 2009, mwaka aliochaguliwa wa pili kuingia NBA, na Memphis, wanawake wa chuo hicho walimaliza msimu mechi 39 bila kufungwa hata moja. Nikamwambia tu, "Kweli mzee wangu." Jua lile halikuwa la kubishana.

Kilichonisumbua ni mitupo huru. Ringi iko mita 3.05 juu, mstari uko mita 4.60 kutoka ubao, na hivyo vipimo ni vilevile kwa mwanamke na mwanaume. Mchezaji asiyejua kutupa hukosa kila upande: kulia, kushoto, nyuma, nje kabisa. Hawa walikuwa wanakosa upande mmoja tu, wote kumi, wa timu zote mbili. Mpira unapanda vizuri, umenyooka, unagonga mdomo wa mbele wa ringi, ta, unarudi kwa mtupaji. Nikaanza kuandika nyuma ya risiti ya luku. Hadi mapumziko ilikuwa mitupo 14, iliyoingia 3.

Upungufu wa namna hiyo husababishwa na miguu. Nguvu ya mtupo inaanzia kwenye magoti, mkono kazi yake ni kuelekeza. Miguu ikichoka, au mpira ukiwa mzito kuliko ule ambao mwili umeuzoea, unapungukiwa kidogo tu, na hicho kidogo kinatosha. Lakini dakika ya tatu ya robo ya kwanza nani kachoka?

Robo ya pili mpira ukatoka nje, ukabingirika hadi ngazi yetu ya tatu. Niliudaka mimi. Niliucheza sekondari huu mchezo na vidole vina kumbukumbu yake. Namba ilikuwa imelika kwa saruji, pamebaki "29" na nukta. Sasa: mpira wa saba mzingo wake ni inchi 29.5, wa sita ni 28.5. Ukiipanga mezani tofauti ya kipenyo haifiki sentimita moja, huioni kwa macho kutoka jukwaani. Kwa uzito unamzidi mwenzake kama yai moja na kitu. Ni kidogo, mpaka uwe na kiganja kidogo na utupe mara hamsini. Vyuo vya Marekani vimewapa wanawake mpira mdogo tangu msimu wa 1984–85, kwa hiyo si jambo la kugundua.

Nikamrudishia refa mpira wake. Sikusema kitu. Mtazamaji anayekwenda mezani katikati ya mchezo anaonekana kaja kutetea timu yake, na mimi kweli nilikuwa na timu yangu: bluu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Mapumziko, 13 kwa 12, wekundu mbele. Kocha wa bluu, mama mmoja mwembamba aliyekuwa anafundisha na kitenge kiunoni, akachukua mpira akauinua usawa wa paji la uso, akauachia. Wengi tunavyopima: ukirudi kiunoni, upepo umetosha. Ukarudi kiunoni. Akauokota, akautanda vidole, akaugeuza, akatafuta namba. Kisha akaenda chini ya mwembe akachukua ule wenye kipara, akauweka ule wa mezani kwenye kiganja cha pili, akasimama vile, kama mtu anayepima nyanya sokoni.

"Mwalimu," akamwambia mwenye karatasi ya matokeo, "mpira huu wa wanaume."

"Kocha, ndio uliopo."

"Sita mpya ziko wapi?"

"Ziko kwenye basi. Ufunguo anao dereva."

"Dereva yuko wapi?"

Dereva alikuwa anakula mihogo. Alipatikana nje ya geti, kwa mama wa mihogo na kachumbari, na akamaliza kwanza. Basi likafunguliwa, mpira wa sita mpya ukatoka ndani ya nailoni, hauna upepo. Pampu ikatafutwa. Yote hayo dakika ishirini na kitu, na jua likaenda zake nyuma ya majengo. Kocha wa wekundu naye akaja mezani kuuliza pointi za nusu ya kwanza zitahesabiwaje, zikabaki zilivyo. Kukagua mpira kabla ya mchezo ni kazi ya mwamuzi mkuu, na mwamuzi mkuu wakati huo alikuwa anafunga kamba za raba kwa muda mrefu sana.

Nusu ya pili ikaanza, na mimi na risiti yangu nikakaa mkao wa kuthibitisha.

Mchezo ulibadilika, hilo halina ubishi. Pasi zikaanza kufika kifuani. Namba 9 akapita katikati ya watu wawili kwa mkono wa kushoto, mzee wa karanga akasimama. Lakini angalia na mengine yaliyobadilika pamoja na mpira. Jua halikuwa machoni tena. Kusi, ambao mchana kutwa ulikuwa unakata kiwanja kutoka upande wa bahari, ulikuwa umelala. Na wasichana walikuwa wamepumzika kupita mapumziko halali. Mitupo huru ya robo ya tatu na ya nne, hadi zikabaki sekunde sita: 12, iliyoingia 5. Bora kuliko 3 kwa 14. Bora kiasi cha kubishania, hakitoshi kuapia.

Sekunde sita. 28 kwa 27, wekundu mbele. Namba 9 kachezewa rafu katikati ya kiwanja, hana hata nia ya kutupa, na mzee akaniuliza kwa nini anapewa mitupo. Kwa sababu ni faulo ya tano ya timu ndani ya robo, nikamwambia. Nne za kwanza unarusha pembeni, kuanzia ya tano ni mitupo miwili.

Akaenda kwenye mstari. Watano wakajipanga kwenye eneo, watatu wekundu, wawili bluu. Mwanga ulikuwa ule wa kuelekea magharibi, hata rangi za jezi zilikuwa zinaanza kufanana. Ndoo iliyokuwa inapigwa kama ngoma ikanyamaza. Refa akampa mpira. Una sekunde tano tangu ukiupokea. Aliufuta kwenye bukta, akauzungusha hadi vidole vikapata mshono, akaudunda mara tatu. Nilikuwa naangalia magoti yake. Aliyakunja sana, chini kabisa, vile alivyojifunza nusu nzima ya kwanza kuusukuma ule mzito. Nikajua kabla haujatoka mkononi.

Ulipita juu ya mdomo wa mbele kwa nafasi kubwa. Ukagonga nyuma ya ringi, ukaruka juu kuliko ubao, ukaning'inia pale hewani kwa muda ambao naweza kuuhesabu hadi leo, ukateremka nje. Mtupo wa kwanza uliozidi urefu niliouona siku nzima. Mtu mmoja nyuma yangu akasema "aah" kwa sauti ndogo, kama anayepita karibu na msiba.

Wa pili hakuufuta. Akaudunda mara moja, magoti akayakunja nusu, akaachia. Wavu ulikuwa wa mnyororo, ukalia kama mtu aliyemwaga shilingi. 28 kwa 28.

Yaliyobaki ni mafupi. Nyongeza dakika tano, adhana ikaingia, taa ya upande mmoja ikagoma kuwaka, wekundu wakashinda kwa tatu. Mzee akaniachia mfuko wa karanga zilizobaki akaenda msikitini.

Nilimkuta namba 9 kwenye bomba, ananawa uso. Nikampa pole, nikamwambia asiumie, ule mtupo wa kwanza haukuwa kosa lake: alikuwa ameshazoea namba saba, mwili ukatupia namba saba. Nilikuwa na risiti mfukoni, nikaitoa nimwonyeshe.

Akaisoma hadi mwisho, maji yanamdondoka kidevuni. "Asante, dada. Lakini ule nilikunja kiwiko tu. Huwa nakunja kiwiko."

Akanirudishia.

Sijui. Mimi niliangalia magoti, kiwiko sikukiangalia. Na kama ningeteremka ngazi tatu robo ya pili, dereva angeitwa mapema kabla hajaagiza mihogo, na robo nzima ingechezwa kwa sita, na jua bado lipo, na upepo upo, na mpira mwepesi ndio upepo unaupenda. Huenda ingekuwa mbaya zaidi. Hiyo nayo ni sababu ninayojipa.

Huyu mtoto alimaliza kupampu, akauachia kutoka usawa wa kichwa chake, ukarudi kiunoni. Nani kamfundisha sijui. Nikamweleza habari ya sita na saba, inchi na gramu, vidole na magoti, akasikiliza kwa adabu ya mtu anayesubiri ruhusa ya kwenda.

"Sasa Anti, huo wa sita unao?"

Sina. Akashukuru, akaondoka anaudunda kwa mikono miwili kila ukiruka juu sana, na sindano yangu kaenda nayo.