Pembe niliyoibeba kwa mkono mmoja

Mwezi wa nne 2016 nilipata kibarua ambacho hadi leo nikisimulia watu wananiuliza kama ni kweli. Tulikuwa tunapanga pembe za ndovu ndani ya mbuga ya Nairobi, zile zilizochomwa na serikali ya Kenya tarehe 30. Tani 105. Ukisikia hiyo tani 105 kwa redio ni namba tu inapita, lakini ukiambiwa uzitoe kwa kontena moja moja uweke begani upeleke pale zinaposimamishwa, hapo ndo unaelewa, manake kila pembe mbili ni mnyama mmoja aliyekuwa anatembea, na kuna zingine ilibidi tubebe watu wawili na bado usiku bega linakuuma huwezi kulilalia.

Mi nilikuwa nadhani pembe ya ndovu ni kitu cheupe kinang'aa, kama zile bangili tunaona kwa picha. Wapi. Nyingi zilikuwa na rangi ya kahawia, zingine manjano kama meno ya mtu wa sigara, zina nyufa na vumbi la stoo la miaka mingi, na kila moja imeandikwa kwa maka peni, namba yake na uzito wake. Nilikuwa nazisoma zote, sijui kwa nini, nikibeba lazima nisome kwanza.

Tulikuwa na askari mmoja wa wanyamapori, mzee karibu kustaafu, amekaa Tsavo miaka mingi sana, ndo alikuwa anatuonyesha vile ya kushika. Siku ya kwanza aliniambia, "Kijana, weka mkono humo ndani." Nikaweka. Upande wa shina pembe iko wazi ndani kama pembe ya kunywea, mkono uliingia hadi karibu na kiwiko. Akasema hapo palikuwa na nyama na mishipa, hili ni jino, si kucha, na karibu theluthi moja yake inakaa ndani ya fuvu haionekani. Jangili hana muda wa kungoja mzoga uoze ndo ing'oke yenyewe, kwa hivyo anakata uso. Baada ya kuambiwa hivo nikaanza kuziona alama za shoka, ziko pale kwa shina, kata kata za haraka za mtu anayeogopa kukutwa. Nilikuwa nishabeba kadhaa zenye alama hizo nikidhani zimekwaruzwa tu kwa lori.

Sasa hii ndo nilitaka kuandika hasa. Kama siku ya nne hivi nilivuta pembe moja kubwa kwa kontena, na nyuma yake ikaanguka ingine ndogo, ndogo kabisa, urefu wa kiganja changu na kidogo zaidi. Nikaiokota kwa mkono mmoja. Kilo haifiki. Nikadhani ni kipande kimevunjika, nikamuuliza mzee hiki kipande naweka wapi, akaichukua akaigeuza akasema hapana hii ni nzima, huyu alikuwa mtoto, miaka mitano sita hivi. Ndovu anabeba mimba miezi 22 jamani, karibu miaka miwili, halafu huyo mtoto ananyonya miaka mingine, na pembe zenyewe zinaanza kuchungulia akiwa na kama miaka miwili. Nikamuuliza sasa mtu anaua mtoto kwa kitu kidogo hivi ili apate nini? Mzee hakujibu haraka. Akasema wakishaua wakubwa wote wanarudi kwa wale wamebaki, na mara ingine huyo mdogo anakataa tu kutoka kwa mama yake aliyelala pale. Aliwahi kukuta mmoja amesimama hivo. Hakuendelea, na mi sikuuliza.

Tukiwa tunapumzika kulikuwa na ubishi kila siku. Kuna jamaa mmoja tulikuwa tunabeba naye pamoja, mtu mzuri tu, alikuwa anasema hii ni pesa tunachoma, si wauze tujengewe mashule na barabara. Na simlaumu, wengi walisema hivo, hata mimi siku ya kwanza nilifikiria hivo hivo. Lakini mzee alimwambia kitu kikanibadilisha. Alisema Kenya 1973 ilikuwa na ndovu kama 167,000, kufika 1989 wamebaki kama 16,000, na mwaka huo huo Moi akachoma tani 12 hapo hapo karibu na tulipokuwa tumekaa, na miezi michache baadaye nchi za CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zikapiga marufuku biashara ya pembe duniani. Ndovu wakapumua. Halafu 2008 nchi nne za kusini mwa Afrika zikaruhusiwa kuuza stoo zao kwa China na Japani, zaidi ya tani 100 kihalali, na watu wa soko wakishaona pembe halali dukani nani atajua hii imetoka stoo ya serikali na hii imetoka kwa mzoga wa jana? Miaka iliyofuata ujangili ukapanda vibaya sana. Tanzania peke yake kutoka 2009 hadi 2014 ndovu walitoka kama 109,000 hadi kama 43,000. Najua kuna wataalamu wanabishana kama ule uuzaji ndo ulileta yote hayo, lakini mi nilizibeba, na naamini ukishaiweka bei umeshamtuma mtu msituni.

Jamaa hakusema kitu, akavaa gambuti tukarudi kazini.

Ile pembe ndogo nilikuwa nimeiweka kando. Wakati tunamalizia mnara mmoja, kulikuwa na minara 11, kubwa zimesimama nje zikiegemea katikati, wapiga picha washaanza kuja, kuna mtu akasema iwekwe mbele ionekane. Sikutaka. Niliona huyo mtoto ameshaonekana vya kutosha, ameshashikwa na mikono mingi. Nikapenyeza mkono nikaiweka ndani kabisa katikati ya zile kubwa.

Mvua wiki hiyo ilikuwa ya ajabu, mvua ile ile ambayo usiku wa kuamkia Jumamosi jengo liliporomoka mtaa wa Huruma, Nairobi, watu wakafa, kwa hivyo siku yenyewe tulikuwa kwa matope hadi kwa vifundo. Uhuru Kenyatta akaongea, akasema pembe haina thamani kwetu isipokuwa ikiwa kwa ndovu mwenyewe, akawasha. Watu wanafikiri inawaka kama kuni. Jino haliwaki hivo, ilibidi dizeli na mafuta taa yasukumwe kwa mabomba kwa presha, na bado ilichukua siku nyingi. Mi nilikuwa nimesimama mbali na wenzangu, hakuna aliyekuwa anaongea, hata yule jamaa wa kuuza. Mzee alivua kofia. Moshi ukigeuka upande wetu tulikuwa tunarudi nyuma yeye anabaki.

Siku kadhaa baadaye tuliitwa kusafisha. Zilikuwa bado zina joto chini, za nje zimekuwa nyeupe kama chaki zinapasuka magamba magamba ukigusa, namba zote zimefutika. Nilienda kwa ule mnara nikachakura chakura pale katikati kwa fimbo, nikapata majivu tu.