Mlango wa kushoto au wa kulia: ninavyoutambua kabla patasi haijagusa mbao

Ukiagiza mlango kwa seremala hapa Tabora, ukishataja vipimo utaulizwa: "Wa kushoto au wa kulia?" Swali linaonekana jepesi. Lakini aliyesimama ukumbini anaona bawaba kushoto kwake, na aliyesimama chumbani anaziona bawaba hizohizo kulia. Wote wawili wako sahihi, na fundi atafuata wa mwisho kusema. Ndiyo maana sitamki "kushoto" bila kusema nimesimama wapi.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Naingia katikati ya fremu, mgongo naugusisha kwenye mwimo wa bawaba, yaani nguzo ya fremu zinapofungwa bawaba, uso unautazama mwimo wa kitasa. Mlango ukifungukia upande wa mkono wangu wa kushoto, huo ni wa kushoto. Ukifungukia kulia, ni wa kulia. Haijalishi nimetokea chumba gani, wala kama mlango unasukumwa au unavutwa. Mlango mmoja, jibu moja.

Tatizo ni kwamba hata huko vinakotengenezwa vitasa hawakukubaliana. Njia ya mgongo inatumika sana Marekani kwa milango ya ndani. Kanuni ya Ujerumani, DIN, inataka usimame upande ambao mlango unakujia ukifunguka, yaani upande unakoona vifundo vya bawaba. Bawaba zikiwa kushoto kwako hapo, mlango ni wa kushoto. Zijaribu njia zote mbili kwenye mlango wako wa chumbani: majibu yatapingana, na yatapingana kila mara. Kwa hiyo neno lililoandikwa kwenye boksi la kitasa pekee halinitoshi.

Kwenye karatasi ya oda nachora. Mistari miwili ya ukuta kama inavyoonekana kutoka juu, mlango ukiwa wazi, robo ya duara kuonyesha unakopita, na herufi B penye bawaba. Kila upande wa ukuta naandika jina la chumba: "ukumbi", "chumba cha watoto". Mchoro wa dakika moja, na hakuna wa kubishana nao.

Sasa fremu, ambayo wengi huisahau. Fremu ya mbao ina mkato wa ngazi ambamo mlango hukaa ukifungwa. Upande unaoelekea mkato huo ndio upande mlango utakaofungukia, kwa hiyo ndani au nje huamuliwa siku fremu inajengewa ukutani. Kushoto au kulia bado kunaweza kubadilika mpaka fundi achimbe nafasi za bawaba. Basi kabla mwashi hajasimamisha fremu, naandika kwa chaki kwenye uso wenye mkato jina la chumba unachotakiwa kutazama, na B kwenye mwimo wa bawaba. Fremu iliyogeuzwa ukishapiga lipu, kuitoa ni kubomoa.

Upande wa bawaba nauchagua kwa kuangalia swichi ya taa. Mkono unaofungua mlango ndio unaotafuta swichi, kwa hiyo swichi ikae upande wa kitasa. Ukikosea, inabaki nyuma ya mlango: unaingia gizani, unafunga kwanza, ndipo unapapasa. Chumba cha kulala kikiwa na kona karibu na mlango, bawaba zikae upande wa kona ili mlango ulale ukutani usile nafasi ya kitanda. Choo kidogo napendelea kifungukie nje. Mtu akianguka ndani, mlango wa kusukuma utamgonga yeye na hautafunguka.

Mlango wa mbele wenye geti la nondo una mtego wake. Mbao inafungukia ndani, geti nje, na yote mawili nataka bawaba ziwe upande mmoja. Ukizipishanisha, unafungua kufuli la geti upande huu, kisha unahamia upande ule kutafuta kitasa, na mikononi umeshika ndoo. Kwa njia ya mgongo, hilo linamaanisha mmoja utaitwa wa kushoto na mwingine wa kulia. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Vifaa je? Bawaba za kawaida za inchi 4 hazina mkono, yaani hakuna ya kushoto wala ya kulia. Mlango wa mninga mtupu ni mzito, naufunga kwa tatu. Angalia tu kichwa cha pini kiwe juu, maana pini ya kuchomoka ikipinduliwa hushuka kidogo kidogo. Bawaba za kunyanyulia, zile za vipande viwili ambapo mlango unainuliwa na kutoka, zina mkono: ukizigeuza juu chini mlango hauning'inii. Kitasa nacho kina ulimi uliokatwa mshazari, na mshazari lazima ukutane na fremu kwanza mlango unapofungwa. Ukiona bapa ndiyo inayogonga, mlango hautajifunga kwa kusukumwa. Usirudishe kitasa dukani upesi. Vingi vinaruhusu kuuvuta au kuubonyeza ulimi, kuuzungusha nusu mzunguko na kuurudisha. Vingine hadi ufungue kifuniko, na hapo shika springi kwa kidole isiruke.

Na kama mlango umeshachimbwa mkono usio wake? Ukiwa bapa usio na nakshi, nauzungusha juu chini: upande wa bawaba unahama kutoka mwimo mmoja kwenda mwingine, uso unabaki uleule. Kinachosumbua ni matundu. Kitasa cha kawaida kina tundu la mpini juu na la ufunguo chini. Mlango ukigeuka, yanabadilishana. Kitasa natoa na kukirudisha wima, natoboa upya, kisha matundu ya zamani nayaziba kwa vijiti vya mbao ileile na gundi, mishipa ya mbao ikielekea njia moja. Bati pana la kitasa hufunika sehemu kubwa. Mlango wenye paneli ndogo chini na kubwa juu hauna ujanja huo. Huo nautafutia chumba kingine chenye mkono wake, au nachimba upya na kuweka viraka ambavyo mwenye nyumba atavitazama kila asubuhi.