Vijiko Viwili vya Safari ya Makunduchi

Usiku wa kuamkia safari, Ami alinituma kwa mama nikaombe vijiko viwili vya chuma, akasisitiza viwe vile vizito vya zamani na si hivi vya siku hizi vinavyopinda ukikorogea uji. Nilidhani tutakula wali njiani. Mama alinipa huku akinionya kwamba vijiko hivyo ni sita, kwamba alivipata siku ya harusi yake, na kwamba anavijua kimoja kimoja.

Ilikuwa Julai 2006, siku mbili kabla ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, na nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita. Ami, mdogo wake baba, ni mzaliwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, aliyehamia mjini kufanya kazi ya useremala, na kila mwaka alirudi kwao kwa baiskeli ijapokuwa gari za abiria zilikuwapo na nauli alikuwa nayo. Alisema mtu akipakiwa garini hufika Makunduchi bila kujua amepita wapi. Mwaka huo aliniambia nimfuate. Yeye alikuwa na Phoenix nyeusi yenye keria pana, ambayo juu yake alifunga gunia la mchele, sukari na doti za kanga kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu. Mimi nilikuwa na baiskeli ya kuazima, nyepesi zaidi, yenye tairi ya nyuma iliyokwisha kashata, jambo nililolijua nikalinyamazia kwa kuogopa nisije nikaachwa.

Tuliondoka mara baada ya sala ya Alfajiri, tukapita Mwanakwerekwe wachuuzi wakiwa bado wanapanga mafungu, kisha Fuoni, kisha Tunguu. Sehemu hiyo haina mengi ya kusimulia: udongo ni mzuri, minazi na mihogo imesimama kila upande, na barabara haina mlima wa kutisha. Kilichonishangaza ni upepo. Julai ni wakati wa kusi, na barabara ya Makunduchi inaelekea kusini-mashariki, kwa hiyo mwendesha baiskeli anayetoka mjini hulipokea usoni na kifuani tangu nyumba zinapopungua. Kabla hatujafika Bungi nilikuwa nimeanza kusimama juu ya pedali kama mtu anayepanda ngazi.

Ami aligeuka, akaniangalia, akapunguza mwendo. "Mwanangu, kusi halipiganiwi. Njoo ujifiche mgongoni kwangu." Nilisogea hadi gurudumu langu la mbele likawa karibu kuligusa la kwake la nyuma, na papo hapo kelele ya upepo masikioni ikapungua, miguu ikawa kama imeazimwa nguvu. Mgongo wa Ami ulikuwa mpana, na gunia la mchele nalo lilisaidia. Kitu kingine kilichotusaidia ni miembe ya Bi Khole, ile safu kongwe iliyosimama pande zote mbili za barabara, ambayo wenyeji huihusisha na binti huyo wa Sultani Sayyid Said aliyekuwa na jumba lake hapo Bungi. Watu husema aliipanda apate kivuli. Mimi siku ile niliona kwamba aliipandia wapanda baiskeli, maana chini yake upepo ulikatika kabisa, na nikatamani ingeendelea hadi Makunduchi.

Baada ya njia panda ya Unguja Ukuu ardhi ilianza kubadilika, na hili ndilo ambalo garini sikuwahi kuliona. Udongo mwekundu uliisha polepole, mawe ya matumbawe yakachomoza kwanza kando ya barabara na halafu ndani ya mashamba yenyewe, na miti ikawa mifupi. Kisha, pale nilipotarajia ukame zaidi, tukaingia Jozani. Msitu huo umekaa kwenye bonde ambalo maji ya ardhini yako karibu sana, katika shingo nyembamba ya kisiwa kati ya Ghuba ya Chwaka upande wa kaskazini na Ghuba ya Menai upande wa kusini, ndiyo maana mitondoo, michikichi na mikadi imestawi ilhali hatua chache tu kutoka hapo kuna mawe matupu. Ulikuwa umetangazwa kuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, na hifadhi nzima ina ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi. Sikuyajua hayo siku ile. Nilichojua ni kwamba upepo ulizimika kama taa, hewa ikawa ya ubaridi yenye harufu ya majani yaliyooza, na kwa mara ya kwanza tangu Fuoni nilisikia sauti ya mnyororo wangu mwenyewe.

Tairi ya nyuma ilipasukia hapo, kwenye tuta la pili au la tatu. Matuta hayo yaliwekwa kwa sababu magari yalikuwa yakiwagonga kima punju wanaovuka barabara. Madereva huyalaani, na mpanda baiskeli mwenye mzigo naye huyasikia kiunoni, lakini nasema kwa uzoefu kwamba hiyo ndiyo sehemu pekee ya barabara ile ambapo gari likikupita nyuma huna haja ya kukimbilia majanini.

Ami hakunigombeza. Aliilaza baiskeli juu chini, akanyoosha mkono, akasema, "Lete vijiko." Ndipo nilipoelewa. Alichomeka mpini wa kijiko kimoja baina ya tairi na rimu, akaukandamiza chini na kuuegemeza kwenye spoku, akachomeka wa pili umbali wa kiganja, kisha akauburuta kuzunguka rimu hadi tairi ikatoka upande mmoja. Alivuta tyubu, akaijaza upepo kwa pampu ya mkono, akaizamisha kidogo kidogo katika maji meusi yaliyotuama mtaroni kando ya msitu. Tuliinama wote wawili. Vipovu vilitokea vidogo, vimepangana kama shanga, na Ami akaweka kidole gumba juu ya tundu kama mtu aliyemkamata mwizi. Alikausha kwa shati, akakwaruza kwa msasa, akapaka solusheni na kuipulizia taratibu, kwani alisema watu wengi huharibu kiraka kwa pupa ya kukibandika solusheni ikiwa bado mbichi.

Tulipokuwa tukingoja, walifika. Niliwasikia kabla ya kuwaona, matawi yakitikisika, na halafu kima punju mmoja mwenye mgongo mwekundu akateremka kwenye mkungu ulio karibu, akafuatiwa na wengine saba au wanane, wa mwisho akiwa amebeba mtoto tumboni. Walikaa kula majani machanga bila kutujali. Ami alinieleza kwamba wazee wa Kusini waliwaita punju kwa kuwa waliamini wana sumu, na kwamba utotoni mwake aliwahi kumwona mmoja akichukua kipande cha mkaa kwenye tanuri na kukitafuna. Nilidhani ananitania. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba wataalamu wameyathibitisha: mkaa huwasaidia kuhimili sumu iliyomo katika majani kama ya mkungu na mwembe. Wanyama hao asili yao ni Unguja na visiwa vidogo vya jirani, na si mahali pengine popote duniani, nami nilikuwa nimewatazama kwa robo saa kwa sababu ya tairi mbovu.

Kiraka kilishika. Tulipita Pete, ambako bahari huingia na kujificha nyuma ya mikoko, tukafika njia panda ya Kitogani. Magari ya watalii yalikata kushoto kuelekea Paje. Ami alisimama kidogo akafikiri. Kupitia Paje na Jambiani tungeiona pwani ya mashariki, lakini njia ya kutoka huko hadi Makunduchi ilikuwa mbaya wakati ule, na tairi yangu haikustahili kujaribiwa tena. Tulishika ya kulia, ya Muyuni.

Kuanzia hapo hapakuwa na msitu wala miembe ya Bi Khole. Ni maweni matupu, vichaka vya kimo cha mtu, kuta fupi za mawe zinazozunguka vishamba, hapa na pale tanuri la chokaa, na kusi likitupiga uso kwa uso. Sikuona kitu zaidi ya fundo la mpira kwenye gunia la Ami, na nililitazama hadi leo naweza kulichora. Tuliingia Makunduchi adhuhuri ikikaribia. Shangazi alifurahi kwa kelele, kwa sababu nyumba isiyo na mgeni wakati wa Mwaka Kogwa huonekana imepungukiwa, na sisi tulikuwa wageni wawili, mmoja wao hawezi kupiga magoti.

Safari ya kurudi, baada ya sherehe, haikuchukua hata nusu ya jasho, kwa kuwa kusi lilitusukuma mgongoni kama mkono wa mtu. Jozani tulipita asubuhi na mapema, na nilisimama penye mtaro ule nikatafuta majanini kwa muda, Ami akinisubiri bila kuuliza, kwa maana alijua. Sikukipata.

Mama alipokea kijiko kimoja, kimepinda shingo. Alikigeuza mara mbili, akaenda kuviweka mezani vingine vinne, akakipanga mwishoni.

"Na mwenzake?"

"Kimebaki Jozani, mama."

"Kwa nani?"

Ami, aliyekuwa mlangoni akijifanya anakagua breki, alipanda baiskeli yake akaenda zake.